Jengo Lililojifunza Kubipu

Mama yangu ni msimamizi wa matangi ya mvinyo. Nikisema hivyo shuleni watu wanacheka, wanadhani nasema mama yangu ni mlevi, kwa hiyo siku hizi nasema tu anafanya kazi kiwandani. Zamani alikuwa kwenye kiwanda cha serikali. Kikafungwa, akapunguzwa pamoja na wenzake, akakaa nyumbani hapa Ipagala, Dodoma, anauza vitumbua. Halafu akaja tajiri mmoja, akajenga jengo jipya nje ya mji, karibu na mashamba ya zabibu, akaanza kuulizia watu waliokuwa wanaijua ile kazi. Mama akaitwa. Siku anaondoka kwenda kuanza alivaa viatu vya kanisani.

Tatizo ni kwamba msimu wa zabibu ukifika simwoni tena. Maji ya zabibu yakishamiminwa kwenye tangi yanachachuka, na yakichachuka yanapata joto yenyewe, bila moto, kama mtoto mwenye homa. Lazima yapozwe. Yakiachwa yapande joto, harufu yake nzuri inakimbia na kinachobaki hakinyweki. Basi lazima awepo mtu wa kupanda ngazi mchana na usiku kwenda kuangalia kipimajoto, tangi moja baada ya jingine, na mtu huyo ni mama. Alikuwa na godoro lake kule kule. Baba ni dereva wa malori, yuko njiani siku zote. Mimi nabaki na shangazi.

Komunyo ya kwanza mama aliikosa. Sikulia. Nilikunja gauni nikaliweka. Lakini mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, ikatangazwa kwamba askofu atakuja kutupa Kipaimara, na Jumapili yenyewe ikaangukia katikati ya mavuno ya Machi. Nilipomwambia mama alishika kichwa.

"Askofu hana msimu wa zabibu," alisema. "Mimi ninao. Tutafanyaje sasa?"

Mimi siongei sana, hata mwalimu wa darasa aliandika hivyo kwenye ripoti. Lakini nilimtaka. Kwenye Kipaimara unaitwa jina lako mbele ya kanisa zima, unatoka peke yako, askofu anakuuliza neno na unatakiwa ujibu kwa sauti. Nilikuwa na hakika kwamba nikigeuka na mama hayupo, sauti haitatoka.

Wiki hiyo ndipo fundi alipofika kutoka Dar es Salaam na kompyuta.

Tulikuwa tumefunga shule, nikawa nampelekea mama chakula. Siku ya kwanza niliingia na hotpoti mkononi nikakuta kioo kinawaka kwenye kile chumba kidogo cha ofisi, na ndani ya kioo kulikuwa na jengo. Jengo lile lile tulilokuwa ndani yake, limechorwa kwa mistari: matangi ni miduara, mlango wa chumba cha baridi ni kamstari, jenereta ni kasanduku nje kwenye kona. Chini ya kila duara kulikuwa na namba, na zile namba zilikuwa zinabadilika zenyewe. Hakuna aliyegusa kitu. Nikasikia mtu anafungua mlango wa chumba cha baridi kule mwisho kabisa wa jengo, na hapa, mbele ya macho yangu, kale kamstari kakawa kekundu. Ukafungwa, kakarudi kijani.

Nilisahau kuamkia. Nilisimama na hotpoti yangu kama mtu aliyeona sanamu linapepesa macho.

"Karibu, mdogo wangu," fundi alisema. Alikuwa kijana tu, shati limechomekwa, kalamu mbili mfukoni. "Unaona? Kila tangi lina kijiti ndani kinachopima joto, na waya umetoka kwenye kijiti mpaka hapa. Jengo linajitazama lenyewe."

"Sasa kama linajitazama," mama alisema, "mimi nafanya nini hapa?"

"Linaona, mama, ila halijui kuogopa. Lazima tuliambie liogope nini."

Kazi yenyewe ilikuwa hiyo: kulifundisha jengo kuogopa. Nilivuta ndoo nikaikalia. Fundi aliuliza, mama akajibu, yeye akaandika. Kila kanuni ilikuwa na maswali yale yale: tunaangalia nini, kikifika wapi ndiyo hatari, tusubiri kidogo au tupige kelele papo hapo, na aambiwe nani. Sikuwahi kufikiri kwamba woga una mpangilio hivyo. Mimi naogopa vitu vingi, na vyote vinakuja kwa pamoja.

Mwanzoni walikosea wote wawili, kwa sababu mama alisema kila kitu ni hatari. Tangi likipanda kidogo tu, kengele. Mlango ukifunguliwa, kengele. Mchana ule jengo lilipiga kelele bila kupumzika. Vibarua wakiingiza kreti za zabibu, kengele. Mtu akienda chooni, kengele. Mlinzi, mzee wa Kigogo ambaye hunisalimu "mbukwenyi", salamu ya watu wengi, hata nikiwa peke yangu, alikuja mpaka mlangoni na rungu lake.

"Mwanangu," alimwambia fundi, "hiki chombo chako kina kiherehere. Kimeolewa jana nini?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Halafu wakaanza upya, taratibu. Mlango uachwe wazi kitambo ndiyo kengele ilie, siyo ukifunguliwa tu. Joto likipanda, jengo lisubiri kwanza lione kama litashuka lenyewe. Fundi akauliza kama matangi yote yaogopewe sawasawa, mama akasema hapana, lile lililojazwa leo liachiwe nafasi, lile la juzi libanwe, maana ndilo lililopamba moto. Nilimtazama mama akiongea. Sikuwa nimejua kwamba vitu vyote vile vilikuwa kichwani mwake kila usiku niliokuwa nimelala.

Jioni meneja alipita akasimama nyuma yao, mikono mgongoni. Mama akachukua nafasi hiyo hiyo kuomba ruhusa ya Jumapili.

"Itategemea," meneja alisema. "Huyu kijana ameniambia mashine itapiga simu yenyewe kukiwa na shida. Tuijaribu. Ikikupata nyumbani, Jumapili nenda kanisani kwa amani. Isipokupata, samahani mama, hatoki mtu msimu huu."

Simu zenyewe za mkononi zilikuwa bado ngeni kwetu. Mama alikuwa na moja, kubwa, ameishonea mfuko wa kitambaa. Fundi alileta kisanduku chenye laini yake, akakiunga na kompyuta. Hakikuweza kuandika ujumbe wala kusema. Kiliweza kupiga tu: kinaita mara mbili, asipopokea mtu kinakata, kinahamia kwa anayefuata kwenye orodha. Mama, kisha meneja, kisha mlinzi, ambaye alipewa simu ya ofisi. Ukipokea unasikia mlio, basi, unajua jengo linakuita.

Kesho yake jaribio likafanyika. Mama alitumwa nyumbani kwa makusudi, na hakuambiwa itakuwa saa ngapi. Tulikuwa uani, mimi nachambua mchicha, yeye ananisuka. Simu ikaita kwenye mfuko wake wa kitambaa. Ikaita tena. Ikakata.

Mama aliitoa akaangalia kioo. "Namba siijui. Nani huyu ananibipu?"

"Labda amekosea," shangazi alisema.

"Akiwa na shida atapiga. Mimi simpigii mtu nisiyemjua nimalize salio."

Akairudisha mfukoni akaendelea na nywele zangu. Sikuwa nimemaliza mchicha tuliposikia gari limefunga breki nje. Fundi aliingia bila hodi, jasho linamtiririka, nyuma yake meneja.

"Mama! Jengo linaungua kwa joto huku umekaa unasuka!"

"Linaungua?"

"Siyo kweli, ni jaribio! Nimeweka kijiti kwenye maji ya moto! Simu haijaita?"

"Haijaita," mama alisema. "Kuna mtu tu amenibipu."

Fundi akamgeukia meneja. "Na wewe mzee?"

Meneja alijikuna shingo. "Na mimi kuna mtu alinibipu. Nilidhani ni shemeji yangu, ndiyo tabia yake."

Simu ya ofisi nayo, tulikuja kuambiwa, iliita mlinzi akiwa ameishika mkononi kabisa. Aliitazama mpaka ilipokata, akasema, "Bip hiyo siyo yangu, ni ya ofisi."

Sasa hivi tunacheka. Siku ile hakucheka mtu. Meneja alisema ndiyo hivyo, akatoka. Mama alimalizia mstari wa mwisho wa nywele zangu, vidole vyake vikiwa vizito. Nilijua amekwisha kuamua kwamba hatakuja, anatafuta tu namna ya kuniambia.

Fundi alikuwa bado amekaa kwenye kigoda, kichwa chini. "Nitaiongezea miito," alisema, kama anajisemea. "Iite mpaka mtu apokee."

"Kanisani nitapokeaje?" mama alisema. "Mbele ya askofu nitoe simu niweke sikioni? Na nikiizima, ndiyo basi."

Nadhani ni ile sauti ya mama iliyonisukuma. Ilikuwa imechoka. Nikasema, nikiwa naangalia mchicha:

"Liacheni libipu."

Wakanigeukia wote. Lakini nilikuwa nimeshaanza. Nikawaambia mimi na baba hatuongei kwenye simu. Mimi nikishika simu maneno yanakauka, na yeye yuko kwenye usukani. Kwa hiyo tunabipiana kwa simu ya mama. Akibipu mara moja, amefika salama. Mara mbili, atalala njiani. Mara tatu, apigiwe, kuna jambo. Nikasema kila mtu hapa anajua kusoma bip, ila lazima kwanza ajue ni ya nani na wamepatana nini. Kama jengo linajua kuita na kukata, basi tayari linajua kubipu. Tupatane nalo tu.

Fundi akasema polepole, "Bip mbili, joto linapanda. Bip tatu, njoo mbio."

"Simu ikae mkononi inatetemeka tu, haina kelele," mama alisema. Alikuwa amesimama.

"Na bip moja?" fundi aliniuliza mimi. Siyo mama. Mimi.

"Bip moja iseme kila kitu ni salama."

"Hapana mdogo wangu, kengele ni ya ubaya. Kukiwa na amani, jengo linanyamaza."

"Umeme utakatika," nilisema.

Hilo hakuna aliyebisha. Mwezi ule umeme ulikuwa unakatika mchana kama mtu anayepepesa jicho. Nikaeleza, na sijui maneno yalitoka wapi: umeme ukikatika kanisani, vipaza sauti vitazima, mama atajua hapo hapo kwamba hata kule umezima. Atakaa hajui kama jenereta imewaka au haikuwaka. Jengo likinyamaza hatajua limenyamaza kwa amani au limenyamaza kwa sababu nalo limekufa. Atatoka. Mimi namjua, atatoka.

Mama aliinamisha kichwa.

"Sijawahi kuandika kanuni ya namna hii," fundi alisema. Akacheka kidogo. "Kengele ya kusema tulieni."

Walirudi kiwandani jioni ile ile na mimi nikaenda nao. Niliona ile kanuni ikiandikwa: umeme ukikatika na jenereta ikawaka na mtambo wa kupoza ukazunguka, mbipu mama mara moja. Mambo matatu lazima yawe kweli kwa pamoja ndipo jengo liruhusiwe kusema. Kwenye simu ya mama fundi aliihifadhi ile namba, akauliza aandike jina gani. Mama akasema, "Andika JENGO." Meneja aliwafanyia jaribio jingine siku iliyofuata, mama akiwa sokoni kwenye mafungu ya nyanya, na safari hii alihesabu bip tatu, akaacha kikapu kwa muuza nyanya, akakodi baiskeli na kufika akiwa amepanda nyuma, kanga imefungwa kiunoni. Meneja alimkuta mlangoni. Akasema sawa. Neno moja tu, sawa, akaingia ofisini kwake.

Jumapili mama alikaa benchi la nne, upande wetu wa wasichana. Alinukia sabuni, siyo zabibu. Simu ilikuwa kwenye kiganja, chini ya kitambaa cha mkono, na kila mara nilipogeuka niliona kile kitambaa. Mlinzi alikuwa kule kwa matangi na rungu lake, na fundi alikuwa amekubali kubaki mpaka jioni, ila yeye hakujua mvinyo na mlinzi hakujua kompyuta. Walihitaji mama ajue wakati wa kuja.

Tulikuwa tumeshapanga mstari, kumebaki wachache mbele yangu, vipaza sauti vilipokufa. Sauti ya askofu iliyokuwa imejaa kanisa zima ghafla ikawa sauti ya mzee mmoja tu, pale mbele, mbali. Mapangaboi yakapunguza mwendo, yakasimama. Watu wakaguna ule mguno wa kuzoea.

Niligeuka. Mama alikuwa ameshainuka nusu. Mkono mmoja kwenye mgongo wa benchi, macho hayakunitazama mimi, yalitazama mlango. Nilimwona anahesabu kichwani: pampu imesimama, maji ya baridi hayazunguki, joto la lile tangi la juzi lilikuwa wapi asubuhi. Yule mtu alikuwa mama yangu na alikuwa anaondoka.

Halafu akatulia, nusu amesimama nusu amekaa. Akakitazama kiganja chake.

Bip ya kwanza ilikuwa imefika. Lakini bip ya kwanza peke yake haisemi kitu, maana inaweza kuwa mwanzo wa mbili, au wa tatu. Lazima usubiri. Sijawahi kusubiri kitu hivyo maishani mwangu, na simu haikuwa hata mkononi mwangu. Msichana wa mbele yangu aliitwa akaenda. Mama bado hajakaa wala hajatoka. Mama mmoja nyuma yake alimvuta gauni akinong'ona, "Dada, kaa, tunashindwa kuona." Hakumsikia. Niliona midomo yake ikicheza kidogo, na sikujua kama ni sala au hesabu.

Kilometa nyingi kutoka pale, nje ya mji kwenye jua, jengo lisilo na mtu aliyejua vizuri kilichomo ndani yake lilikuwa limeona giza, likajiwashia jenereta, likasikiliza kama mtambo unazunguka, likaridhika, likamtafuta mama yangu kati ya watu wote wa Dodoma likamgusa kwenye kiganja. Mara moja. Halafu likanyamaza, kwa amani.

Mama akakaa.

Akanitazama, akainua kidole kimoja chini ya kidevu, kimoja tu, akatabasamu. Jina langu likaitwa. Nilitoka, nikapiga magoti, na askofu alipouliza nilijibu. Kwa kuwa vipaza sauti vilikuwa vimezima nililazimika kujibu kwa nguvu zaidi, na shangazi anasema alinisikia mpaka mlangoni alikokuwa amesimama na watoto.

Baada ya misa hatukukaa kwenye pilau. Mama alisema aende akaangalie tu, na mimi nikasema naenda naye, na gauni langu jeupe. Tulikuta mlinzi amekaa kwenye kreti nje. "Mbukwenyi," alisema, "mambo yenu yamelala usingizi humo ndani." Mama alipanda ngazi zake kama kawaida, akaweka sikio kwenye tangi la juzi, akaweka na kiganja. Hakuwa na haraka.

Fundi aliniita kwenye kioo. Alikuwa amefungua mstari wa joto wa siku nzima wa lile tangi. Ulikuwa mstari ulionyooka tangu asubuhi, mrefu, halafu mahali pamoja ulikuwa umeinuka kidogo, kama kichuguu, ukashuka tena ukaendelea na safari yake.

"Hapo ndipo umeme ulipokatika," alisema. "Na hapo ndipo jenereta iliposhika."

Niliweka kidole juu ya kile kichuguu. Upande wa kupanda nilikuwa bado kwenye foleni kanisani. Upande wa kushuka nilikuwa nimepiga magoti. Kioo kilikuwa cha moto kidogo chini ya kidole changu, na pembeni yake namba ya tangi ilibadilika, ikashuka kidogo tena, wakati mama kule juu bado ameegemeza shavu kwenye chuma.